Kishungi kilichokataa kujikunja

Juu ya panja langu la kushoto kuna kishungi cha nywele ambacho hakijikunji. Kichwa kizima ni kipilipili, kikiguswa na maji tu kinarudi kwenye mizunguko yake, ila hicho kinaning'inia kama uzi uliochomoka kwenye pindo la gauni. Sikuzaliwa nacho hivyo. Nilikiunguza mwenyewe, kwa draya, mbele ya kioo changu, nikiwa na haraka na nikijiona fundi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeosha nywele nikalala nazo mbichi. Asubuhi upande wa kushoto ulikuwa umegandamana na umebonyea, una alama ya mto. Nikawasha draya kwenye moto wa mwisho, nikachomeka kile kitana cha kwenye mdomo wa draya, nikaanza kuvuta kuanzia kwenye mizizi. Pale kwenye panja palikuwa pabishi, basi nikapang'ang'ania. Nikapita mara ya tatu, ya nne, na ya tano nikasimama kabisa, draya imetulia mahali pamoja, mimi nasubiri nywele zisalimu amri. Zilisalimu kweli. Kwanza ukatoka moshi mwembamba, ambao nilijiambia ni mvuke, kisha ikaja harufu ya unyoya uliobabuliwa. Hiyo hata mtu asiyejua kitu kuhusu nywele anaijua.

Siku ile nilipendeza, nisiseme uongo. Hasara niliiona wiki iliyofuata nilipoosha. Nywele zote zikajikunja, hicho kikabaki kimenyooka. Nikakipaka kondishena, nikakifunga kwa uzi, nikakizungusha kidoleni kama mtoto anayesinzia. Wapi.

Ndipo nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake nyuzi zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni vingi lakini dhaifu: maji huvifungua, na unywele ukikauka hujifunga upya katika umbo lolote ulilokutwa nalo. Ile alama ya mto ilikuwa ni hiyo. Nililala nimezibana nywele zikiwa mbichi, zikakaukia pale pale, zikashika umbo la shavu langu na foronya. Kuna na vifungo vya salfa, vigumu zaidi, ambavyo ndivyo relaksa, dawa ya kunyoosha nywele, huvivunja. Draya haina kazi na hivyo vya salfa. Kazi yake yote iko kwenye vile dhaifu, na kwa hivyo mtindo wa draya unadumu mpaka maji yatakapozigusa tena nywele, yawe ya bombani, ya mvua au ya jasho. Lakini moto ukizidi, kinachoharibika ni keratini yenyewe, na hapo hakuna cha kujifunga upya. Kishungi changu si kwamba kimenyooshwa. Kimekufa kikiwa kimenyooka.

Nilichokuwa sijakielewa siku zote ni kwamba nywele hutii katika ule muda mfupi zinapotoka kwenye ubichi kwenda kwenye ukavu. Zikiwa chapachapa, unazipasha moto bure, maji tu ndiyo yanayopata joto. Zikishakauka, umechelewa, na hapo ndipo mtu anapoongeza moto kama nilivyofanya mimi. Nafasi ni pale katikati, unapozishika na kuhisi ubaridi wa unyevu lakini vidole vinatoka vikavu. Siku hizi najua kwa kugusa tu.

Basi sasa nafanya hivi. Nikishaosha, nazichambua na kondishena ikiwa bado kichwani, kwa vidole kwanza, halafu chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha nikipanda juu. Unywele ulioloa huvutika zaidi kuliko mkavu na ukivutwa kupita kiasi hukatika, kwa hiyo hapa sina haraka hata kama nimechelewa. Nikishasuuza, taulo silitumii. Nina fulana kuukuu ya pamba, nazifinya nayo bila kusugua. Kisha nafunga mabutu sita, mawili mbele, mawili katikati, mawili kisogoni, naendelea na shughuli zangu mpaka ubichi upungue. Mabutu yenyewe yanakuwa yameanza kuzinyoosha. Ndiyo nusu ya kazi, na haijatumia umeme.

Dawa ya kuzuia joto napaka kidogo, kila butu kwa wakati wake. Nyingi zina silikoni inayoufunika unywele na kupunguza kasi ya joto kuingia. Kupunguza, si kuzuia, hata kama chupa inasema vingine. Mafuta ya kawaida nimeyaacha hadi mwisho. Zamani nilikuwa nalowesha kichwa mafuta kabla ya kupuliza nikidhani ni kinga, siku hizi siyategemei kwa hilo.

Kwenye kupuliza kwenyewe, nimekiweka kando kile kitana cha mdomoni. Kinafanya kazi haraka, sibishi, ila kinaleta mdomo wa draya mpaka juu ya nywele zenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio ambalo nalikumbuka kila nikishika draya. Kwa umbali wa sentimita 15 hewa ilizifikia nywele ikiwa na nyuzijoto 47 hivi, kwa sentimita 5 ikafika 95. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo ngozi ya juu ya unywele ilivyozidi kuharibika. Cha kushangaza, zile zilizoachwa zikauke zenyewe nazo zilipata madhara yake, ndani, kwenye utando unaoshikanisha seli, pengine kwa kukaa na maji muda mrefu. Wakashauri draya ishikwe sentimita 15 na isitulie mahali pamoja. Dada yangu, ambaye kila siku hunihubiria niache nywele zikauke kwa upepo, nilimsomea aya hiyo kwa sauti, mara mbili.

Sentimita 15 ni karibu urefu wa kalamu mpya. Mkono wa kushoto unashika ncha za butu na kuzivuta, si kwa nguvu, kiasi cha kukaza tu. Mkono wa kulia unapitisha draya kwa moto wa kati, juu kwenda chini, muda wote inatembea. Mdomo wa draya unaelekezwa kwenye ncha, kamwe usielekee juu, kwa sababu unywele umefunikwa na magamba yaliyopangwa kama ya samaki, yanaelekea chini. Ukipuliza kinyume unayanyanyua, na nywele zinatoka zimetimka na hazina mng'ao. Likikauka butu, nabonyeza kile kitufe cha hewa baridi nikiwa bado nimelivuta, nahesabu mpaka kumi. Miaka yote niliamini kitufe hicho ni urembo wa kiwandani. Kumbe nywele zikipoa zikiwa zimekazwa zinalishika umbo vizuri zaidi kuliko ukiziachia zikiwa bado zina moto.

Kisogo ni adhabu. Mikono inakufa ganzi, kioo hakikusaidii, na draya ikipita kidogo tu inakuchoma sikio. Naanza na kisogo nikiwa bado nina nguvu. Mbele, ninapopaona, napaacha mwisho. Zamani nilikuwa nafanya kinyume, ndiyo maana picha zangu zote za zamani ni za mtu wa mbele aliyekwenda harusini na mtu wa nyuma aliyetoka usingizini.

Jambo jingine dogo: draya yangu iliwahi kuanza kutoa harufu ya kuungua hata nywele zikiwa mbali nayo, halafu ikawa inajizima katikati ya kazi. Nikadhani imekwisha. Nilipoigeuza, ule wavu wa nyuma unakoingilia hewa ulikuwa umezibwa na blanketi la vumbi na nywele. Hewa ikipungua, moto wa ndani unazidi, na draya nyingi zina swichi ya kujizima zikipata joto kupita kiasi. Nikachomoa umeme, nikasugua wavu kwa mswaki wa zamani, ikarudi kama mpya. Sasa nasafisha kila mwezi. Na siitumii karibu na beseni au bomba, hilo sina haja ya kulieleza.

Nikimaliza napaka mafuta matone mawili kwenye ncha, basi. Kama nataka mawimbi, nazungushia rola kubwa nywele zikiwa na moto kidogo na kuziacha zipoe humo. Kama nataka zibaki zimenyooka, nazizungusha kuzunguka kichwa, nabana kwa vibanio, nafunga kitambaa cha satini. Kwa pasi ya nywele mimi na dada hatukubaliani. Yeye anasema bila pasi kazi haijaisha. Ni nywele zake. Nilichomkataza ni kuipitisha zikiwa na unyevu, kwa sababu maji yaliyo ndani ya unywele yanachemka na kuacha viputo, na unywele wenye viputo unakatika hapo hapo kwenye kiputo. Alikataa kuamini mpaka aliposikia nywele zinalia "tssss" mkononi mwake.

Kishungi nakipunguza kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili. Nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo ninacho bado cha kutosha kukizungusha kidoleni mara mbili. Mizizi yake inatoka imejikunja kama wenzake, na pale kipya kinapokutana na cha zamani pamekuwa pembamba, nikichana napashika kwa vidole. Nikishapuliza hakuna anayekijua. Juzi nilitoka nimependeza, nywele zimelala mpaka mabegani, manyunyu yakanikuta njiani hata dakika tano hayakufika. Nilipojitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa, kichwa kizima kilikuwa kimeshapanda juu, na chenyewe kimesimama pembeni, kimenyooka, kinanitazama.