Tulivyofungua kituo cha kusomea kijijini bila mfadhili wala bando

Kila mgeni akifika kituoni kwetu swali lake la kwanza ni hilohilo, mfadhili wenu nani? Hatuna. Tuko Mbozi, mkoani Songwe, huku kwenye kahawa na mahindi, na kituo tumekianzisha wenyewe watu tisa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbolea ya chama cha ushirika. Kibali tulipewa kwenye mkutano wa kijiji, habari za vikao naziruka maana hapa tungekesha.

Kilichotupotezea mwaka mzima ni ushauri. Fundi mmoja wa mjini alitushikilia kwamba kituo bila intaneti na kompyuta za mezani sio kituo. Basi tukachanga, wengine wakauza gunia mbili tatu za mahindi, tukanunua kompyuta tatu za mtumba, kama laki mbili mbili hivi, na paneli ya wati 100 na betri ya gari kwa sababu ndiyo ilikuwa bei rahisi. Jamani! Kompyuta moja ya mezani na kioo chake inaweza kula wati mia na zaidi, hiyo paneli ingeziweza wapi hizo tatu, hata jua liwe la utosi. Na betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache iwashe injini basi, ukiinyonya mpaka chini kila jioni unaiua. Mwezi wa pili ilikuwa haiwezi hata taa. Bando la wiki nalo liliisha ndani ya siku moja, kumbe zile kompyuta zilikuwa zinajisasisha zenyewe kimyakimya na hakuna aliyekuwa ametuambia. Siku ile nililia, na bado nikikumbuka gunia za watu roho inaniuma.

Aliyetuokoa ni mpwa wangu anayesoma chuo Mbeya. Alikuja likizo na Raspberry Pi, kikompyuta cha saizi ya kiganja kinachokula wati kama tano tu, akaweka memori kadi yenye Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, na Kolibri kwa masomo ya wanafunzi. Kile kidude kinarusha waifai yake chenyewe chumba kizima, mtu anasoma kwenye simu yake mwenyewe na hakuna bando linalokatwa. Wikipedia ya Kiswahili yote inaingia kwenye kadi kama ile ya simu na nafasi inabaki. Vitu vyote alishushia mjini kwenye mtandao mzuri. Safari hii tukanunua betri ya sola yenyewe, ilitutoka laki tatu na kitu, paneli ni ileile.

Sasa tukafungua mlango na watu hawakuja. Wiki tatu ni watoto tu. Nikawa nawaza, hawa watu kila siku wanatembea mpaka senta ya barabarani, wanafuata nini? Wanachaji simu! Tukaweka chaji, shilingi 200, chini kidogo ya kule senta. Lakini ujanja wenyewe ulikuwa kwenye waya, tulinunua waya ndefu makusudi zifike mpaka kwenye mabenchi, ili mtu asiiache simu ukutani akaondoka, akae nayo mkononi huku inaingia moto. Saa nzima amekaa pale anasubiri, atafanya nini? Anafungua ukurasa wetu kwenye simu. Mwenye kitochi anachungulia kwa jirani yake. Na kitu cha kwanza anachokutana nacho tuliweka picha ya kiwavijeshi vamizi, yule mdudu anayetumalizia mahindi tangu 2017: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kama pembe za mraba.

Mzee mmoja aliangalia ile picha, akainuka, akatoka bila kuaga. Nikajua tumemkera. Baada ya nusu saa karudi na kopo la majani ya chai, ndani ana viwavi watano wa shambani kwake, akawamwaga mezani tukaanza kuhesabu madoa mmoja mmoja, chumba kizima tumeinama. Ni wenyewe. Kumbe dawa alikuwa anapiga saa sita mchana wakati mdudu kajificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi. Tukampigia afisa ugani palepale, akasema apige alfajiri au jioni, na awahi viwavi wakiwa wadogo. Mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikaa kikundi cha redio cha ile kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, tunasikiliza halafu tunabishana. Hii ndiyo ile ile." Kuanzia kesho yake alileta wenzake.

Hela ya chaji ndiyo inayomlipa dada anayekaa pale, na inayobaki tunaiweka kwa ajili ya betri ijayo. Yule dada ndiye anasomea kwa sauti wasiojua kusoma, naomba msiidharau hiyo kazi, nusu ya kituo ni yeye. Utabiri wa msimu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, ule wa mvua za Novemba mpaka Aprili, tunaupata kwa simu tunauandika ubaoni nje kwa chaki, hata anayepita na ng'ombe anausoma.

Mkianza, waambieni watu wazime data kwanza, la sivyo simu ikiona waifai haina intaneti inarudi yenyewe kwenye laini na mtu anasema mmemlia bando. Na kile kikompyuta zimeni vizuri kabla hamjachomoa waya. Sisi mtoto alichomoa ghafla, kadi ikaharibika, tukakaa siku nane watu wanauliza mlangoni mpaka mpwa wangu akatuma nyingine kwa basi. Sasa tuna kadi mbili, ya pili inakaa kwangu kabatini.