Usiku Willy Gamba Alipolala Ubungo

Kabla stendi ya mikoani haijahamia Mbezi, nilikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye gesti moja pale Ubungo, Dar es Salaam. Enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo mwenye safari ya saa kumi na mbili alfajiri alilala kwetu. Zamu ya usiku haiishi. Mimi niliipitisha kwa kuwaajiri wapelelezi wa riwaya, kimoyomoyo.

Willy Gamba, jasusi wa serikali wa Elvis Musiba, hakufaa hata kidogo. Mwanamume anayegeukiwa na kila mwanamke korido nzima atapeleleza nini? Na nani alishamwona akitandika kitanda? Joram Kiango wa Ben Mtobwa nilimpa chumba namba sita, ajifanye anauza vitenge, lakini asingekuja bila Nuru, mwandani wake. Aliyeiweza kazi ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Nilimweka kwenye benchi la nje na kiko chake, eti anasubiri basi la Tanga. Wapita njia wangempa shikamoo, kisha wangemmwagia habari zao zote bila kuulizwa.

Basi, Desemba moja vyumba vimejaa, akaingia kijana mfupi kabeba begi la shangazi kaja. Nikamsogezea daftari la wageni. Akaandika bila kusita. Jina: Willy Gamba. Atokako: Kinshasa. Aendako: Singida. Kazi: serikalini. Kwenye kabila akapiga mstari.

Jina la uongo kwenye daftari la gesti si habari, akina Juma Hamisi niliwapokea kila wiki. Ila huyu alinikausha. Halafu akainama dirishani: "Braza, huwezi kunipunguzia kidogo?"

Gamba anaomba apunguziwe! Nikampunguzia. Ningefanyaje?

Saa saba usiku doria ikapita kukagua daftari. Afande akashusha kidole mstari kwa mstari, kikasimama.

"Huyu Gamba yupo?"

"Yupo namba nane, afande."

"Ana bastola?"

"Ana shangazi kaja."

Akacheka mpaka akashika kaunta, akamwita mwenzake aje asome. Mwenzake alisoma, akauliza Gamba ndiye nani. Mlango wa namba nane haukugongwa.

Asubuhi mgeni alishaondoka. Mama wa usafi akatoka chumbani na ndoo yake.

"Shikamoo mama. Unajua nani kalala humo?"

"Marahaba. Mwalimu."

"Mwalimu?"

"Foronya ina wino mwekundu, na chini ya kitanda kuna kipande cha chaki. Wa shule ya serikali, maana soli za viatu zimeisha, kaacha vumbi mpaka bafuni. Wa namba tatu naye si mume wa yule dada, lakini hayo hayakuhusu, mwanangu. Niletee sabuni."

Mama yule hakuwa msomaji wa riwaya. Nilimletea sabuni, na asubuhi hiyohiyo nikamwachisha kazi Bwana Msa.