Nusu milimita

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimejilaza, usingizi hamna, kwa hiyo bora niandike tu. Toka alfajiri kuna namba mbili zinagombana kichwani kwangu, 5.6 na 6.1, milimita za upana wa neva nyuma ya jicho, zote za mgonjwa mmoja, jicho moja, ndani ya robo saa.

Mzee mwenyewe alianguka juzi asubuhi dukani kwake wakati anafungua kufuli. Vijana wa bodaboda wakambeba, wakamtia kwenye bajaji, wakamkimbiza kwetu, na wala siwalaumu, nani kawahi kuwafundisha kumkandamiza mtu kifua? Ila toka anaanguka mpaka anafika zilipita dakika ngapi hakuna anayejua, mmoja anasema tano, mwingine anasema robo saa, na kesi yote imelala hapo hapo maana moyo ukisimama mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, na dakika ya nne au ya tano seli za ubongo zinaanza kufa. Tulimkandamiza, adrenalini, tukamshtua kwa umeme mara mbili, moyo ukarudi. Yeye mwenyewe bado. Yuko kwenye mashine ya kupumulia, anapata dawa ya usingizi, na familia iko nje inasubiri neno moja tu, ataamka au haamki.

Sasa wenzetu wenye vifaa wanajibuje hilo swali? Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema subiri angalau saa 72, alafu usiamini kipimo kimoja, kama mgonjwa bado hajitambui uwe na dalili mbaya zisizopungua mbili ndo useme hali ni mbaya: mboni za macho yote mawili kutoitikia mwanga na konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kutoshtuka ikiguswa, umeme wa ubongo kuwa mbaya sana, ile shoti ndogo ya mkononi kutofika kwenye ubongo, NSE, protini inayovuja toka seli za neva zilizoumia, kwenye damu ikizidi maikrogramu 60 kwa lita siku ya pili au ya tatu, picha ya CT au MRI kuonesha ubongo umeumia kila mahali. Sisi hapa tuna tochi. CT imeharibika wiki ya pili hii, hivyo vingine navijua kwa kusoma tu.

Na ultrasaundi tunayo. Ndo maana nikavutika na kipimo cha kuangalia nyuma ya jicho kama ubongo umevimba.

Kazi yenyewe wala haina mbwembwe. Neva inayotoka jichoni kwenda ubongoni imevaa ala, kama ala ya kisu, na ndani ya hiyo ala kuna maji yale yale yanayozunguka ubongo. Ubongo uliokosa hewa ukivimba, fuvu halitanuki, presha inapanda, maji yanasukumwa mpaka huku nyuma ya jicho, ala inatuna. Unamfunga mgonjwa kope, unaweka jeli nyingi, unagusisha kile kichwa cha mashine taratibu bila kukandamiza, unaona jicho kama duara jeusi na nyuma yake ukanda mweusi unashuka. Unashuka milimita 3, unapima upana. Watu wengi wazima wako chini ya 5. Na uzuri wake, dawa ya usingizi ambayo inatuvuruga kwenye vipimo vya kumfinya na kumwita jina, kwenye upana wa ala haituvurugi.

Basi saa kumi na moja alfajiri nikapima, 5.6. Nikamwita mwenzangu aliyenitangulia kazini, akapima, 6.1. Nikasogea nikaangalia kaweka wapi vile vialama viwili, kaviweka ukingo wa nje kabisa, mi nilikuwa nimeviweka ndani kidogo. Nusu milimita yote imetoka hapo, kwenye kidole cha mtu aliyekesha. Na tafiti zilizofanywa kwa watu waliosimama moyo, zile nilizozisoma, nyingi ni za wagonjwa wachache na kila moja ina mpaka wake, kwa mpaka wa huyu mzee anaamka, kwa mpaka wa yule haamki. Alafu hata ikitoka nyembamba haina maana umepona, seli zinaweza kufa bila ubongo kuvimba hivyo. Na kwenye ule mwongozo wa Ulaya kipimo hiki hakipo kabisa kwenye orodha.

Nicheke kidogo, wakati tunajifunza tulipimana wenyewe kwa wenyewe, mi nikatoka na 5.2, kichwa hakiniumi, macho sina shida, lakini siku hiyo sikulala nasoma dalili za uvimbe kwenye ubongo.

Saa kumi na mbili wakaruhusiwa ndugu. Mke wake akaingia na chupa ya uji, kijana wao nyuma. Kijana akaanza, dokta mbona yule Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani kabisa na karudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza? Nikamwambia kweli, ila yule walimkandamiza kifua pale pale kwenye nyasi wakamshtua pale pale. Nilivyomaliza tu kusema nikatamani niyarudishe, maana kijana aliinamisha kichwa, na nimekuja kusikia kwamba asubuhi ile alikuwepo dukani.

Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama usoni kwa mumewe, akaniita kwa sauti ya chini, "Dokta, mwanangu, njoo uone. Analia."

Ilikuwa jeli. Nilifuta haraka haraka nikabakisha kwenye pembe ya jicho la kushoto, imeyeyuka inashuka shavuni. Sijui nilikaa kimya muda gani. Nikamwambia, mama, hiyo ni dawa ya kipimo, nimempaka mimi, samahani. Akachukua ncha ya khanga akamfuta, taratibu, kama anamfuta mtoto, akauliza, "Na hicho kipimo kimeonesha nini?"

Namba zilikuwepo mdomoni. Ningesema 6.1 angeelewa nini, ningesema 5.6 angeshika nini, na siku ya tatu ingekuwa tayari tumeshaamua ndani ya vichwa vyetu bila kumwangalia mgonjwa. Nikamwambia, mama, kipimo hiki peke yake hakitoshi, kesho asubuhi tunapunguza dawa ya usingizi, alafu tutamwangalia upya, nitakuwepo mimi mwenyewe.

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama kesho alete uji tena. Nikamwambia alete, ila auchuje vizuri, wa leo ulikuwa mzito ukaziba mpira wa kumlishia.