Mkate wa Hamira

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Na kwa mliozoea ile nyingine, Bwana Yesu asifiwe. Hata salamu tumegawana.

Juzi alfajiri nilikwenda kununua mkate wa ajemi kwa jirani yangu Mwislamu. Akaniuliza, "Hebu nambie jirani, wa Mkunazini na wa Minara Miwili, yaani nyinyi Waanglikana na Wakatoliki wa hapa Unguja, mna tafauti gani? Si Yesu huyohuyo?" Nikaanza na Papa, nikarukia kwa Luther, nikamwona macho yanarudi kwenye tanuri. Nikalipa nikaondoka. Jibu likanijia njiani, limo mkononi: mkate.

Mwaka 1054 Roma na Konstantinopoli walikuwa wameshavutana kwa muda mrefu juu ya mamlaka ya Papa, na juu ya neno "na Mwana" ambalo Magharibi waliliongeza kwenye Kanuni ya Imani. Ila kilichochochea moto safari ile ni hamira. Wagiriki, yaani wa Konstantinopoli, waliadhimisha Ekaristi, ndiyo Meza ya Bwana, kwa mkate uliochachuka, Walatini, yaani wa Roma, kwa usiochachuka. Tarehe 16 Julai Kardinali Humbert, mjumbe wa Roma, akaingia Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, akaiweka hati ya kumtenga Patriaki, mkuu wa kanisa la huko, juu ya altare. Juu ya altare, wapendwa!

Mwaka 1529 kule Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wa Kiprotestanti, wote wawili wameshaachana na Roma, walikutana, zikaandikwa hoja 15. Wakapatana 14. Iliyokwama ni ya Meza ya Bwana.

Ya Mfalme Henry wa Uingereza kujitenga na Roma, 1534, nayapita. Yalikuwa ya ndoa na ufalme zaidi, ingawa sisi Waanglikana ndiko tulikotokea.

Kisha kwetu. Juni 1913, huko Kikuyu nchini Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walitafuta namna ya kushirikiana. Wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, yaani Wapresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akiongoza. Habari zikafika Unguja. Askofu wetu Frank Weston akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, akimshitaki Peel pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Kwa hiyo tusiseme kila ugomvi tuliletewa na meli. Huu wa Kikuyu barua yake ilitoka hapa, kwa askofu wa kanisa letu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa.

Nami siwezi kumchukia Weston. Huyohuyo ndiye aliyewapinga Waingereza wenzake walipowalazimisha Waafrika kazi. Aliogopa mkate mtakatifu usije ukafanywa kitu chepesi, na hofu hiyo naijua. Lakini mwaka jana nilikwenda kuzika kwenye kanisa la wenzetu. Wakati wa kukomunika safu yangu yote ikainuka, nikabaki peke yangu kwenye benchi, nimepinda miguu ili watu wapite. Bibi mmoja aliporudi alinishika bega, hakusema kitu.

Baadaye, nje, tulikula pilau sinia moja, wao, mimi, na majirani Waislamu waliotuchinjia ng'ombe.

Wiki hii tusome 1 Wakorintho 1:10–17, polepole, hasa pale Paulo anapouliza kama Kristo amegawanyika. Mimi kesho alfajiri naenda tena kununua mkate, na jirani bado ananidai jibu.