Namba 50.00

Kwa miaka mingi nimeshika zamu za usiku kwenye chumba cha kuongozea gridi, yaani mtandao wa umeme, na kitu ninachokitazama kuliko sura ya mtu yeyote ni namba moja ukutani: 50.00. Ndiyo hezi zetu, yaani mara ambazo mkondo wa umeme hurudia mzunguko wake kwa sekunde, na za majirani wote tuliounganishwa nao. Ikiteremka hadi 49.95, huenda mtambo fulani umezimika, pengine nchi ya tatu kutoka hapa, na mashine zetu zinahisi papo hapo.

Ndiyo maana natetea sana kanuni za pamoja. Tarehe 4 Novemba 2006, Ujerumani walizima laini ya kilovolti 380 juu ya Mto Ems ili meli ya abiria ipite. Kazi hiyo ilikuwa imewahishwa kuliko ilivyopangwa, na majirani wakaambiwa kwa kuchelewa. Laini nyingine ilielemewa. Ncha zake mbili zilikuwa na viwango tofauti vya ulinzi, yaani kiasi cha umeme kinachofanya laini ijikate, kila upande na kampuni yake. Saa 4:10 usiku gridi ya Ulaya ikakatika vipande vitatu, na zaidi ya kaya milioni 15 zikabaki gizani.

Viwango tofauti kwenye waya mmoja! Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliandika kanuni za uendeshaji kuwa sheria: kifaa kimoja kikianguka, vingine vihimili, na jirani apewe taarifa. Mimi hupiga simu kabla sijagusa swichi yoyote ya mpakani, hata kama ni saa tisa usiku.