Walilipwa Kiasi Gani? Safari ya Treni Nikiwafuata Wachezaji wa Kikapu wa Kwanza

Mjomba wangu alicheza kikapu Dar es Salaam miaka ya themanini, kwenye timu ya shirika la umma. Asubuhi alikuwa karani wa stoo, jioni alikuwa namba tano, mchezaji wa kati. Malipo yake yalikuwa jezi, viatu pea moja kwa msimu, na nauli ya kurudi nyumbani mechi ikichelewa. Goti lake la kushoto halijapona mpaka leo. Nilipompigia kumwambia nimepata likizo, na kwamba nitaimalizia kwenye treni nikipita sehemu walizochezea wachezaji wa kwanza wa kulipwa wa Marekani, hakuuliza ni wapi huko. Aliuliza, "Walilipwa kiasi gani?"

Nikasafiri na swali hilo.

Ninaishi Maryland, kwa hiyo nilianzia Washington. Kutoka stesheni ya Union unatembea kwa miguu tu mpaka lilipo jengo lililokuwa likiitwa Uline Arena. Siku hizi ni duka la REI: mahema, baiskeli, viatu vya kupandia milima. Lakini paa lake la zege lenye umbo la tao bado ni lile lile. Nilisimama katikati ya makoti ya mvua nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Hapo ndipo timu ya Washington Capitols ilipokuwa ikicheza, na ndipo alipoajiriwa Earl Lloyd, kijana wa Alexandria, ng'ambo tu ya mto Potomac. Tarehe 31 Oktoba 1950, katika mechi ya ugenini mjini Rochester, Lloyd akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Alifunga pointi 6. Baada ya mechi saba akaitwa jeshini, na Januari 1951 klabu yenyewe ikavunjwa msimu ukiwa katikati. Fikiria: mtu ameingia kwenye historia, na ndani ya miezi mitatu hana timu ya kurudi.

Treni ya kwenda kaskazini inavuka mto Delaware kabla ya kuingia Trenton, na dirishani unaliona daraja lenye maandishi makubwa ya kujivunia: TRENTON MAKES, THE WORLD TAKES. Mji huo uliishi kwa viwanda, waya za chuma na vyombo vya udongo. Nilishuka saa nne asubuhi, nikatembea mpaka katikati ya mji. Jumamosi ile mitaa ilikuwa mitupu, maduka mengi yamefungwa, upepo unavuta makaratasi. Nilikwenda Trenton kwa sababu ya usiku mmoja tu: tarehe 7 Novemba 1896, kwenye ukumbi wa Masonic Temple, timu ya Trenton ilipocheza na vijana wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ya Brooklyn na watazamaji wakalipa kiingilio. Vijana wa Trenton walikuwa wamekorofishana na YMCA ya kwao, wakaamua kujitegemea. Wakakodi ukumbi, wakauza tiketi. Inasimuliwa kwamba baada ya kutoa gharama, kila mchezaji aliondoka na dola 15, na nahodha wao, Fred Cooper, Mwingereza wa kuzaliwa, akaongezewa dola moja.

Mpira wa kikapu wenyewe ulikuwa haujatimiza hata miaka mitano tangu ubuniwe.

Kinachonivutia zaidi pale Trenton ni uzio wa uwanja. Sheria za mwanzo zilisema mpira ukitoka nje, atakayeuwahi kwanza ndiye anayeurusha. Matokeo yake wachezaji walikuwa wakirukia viti vya watazamaji, wakiparamia ngazi, wakipigana vikumbo na mashabiki wenye hasira. Trenton wakazungushia uwanja uzio wa waya. Mpira haukutoka tena, na mchezo haukusimama. Lakini mtu akisukumwa anakwenda kukwaruzwa na waya, na wachezaji walimaliza mechi wakiwa na michirizi ya damu mikononi na mgongoni. Baadaye sehemu nyingi zilibadilisha waya zikaweka nyavu za kamba. Mpaka leo magazeti ya Marekani bado yanaweza kumwita mchezaji wa kikapu "cager", yaani mtu wa kizimbani, na wasomaji wengi hawajui neno hilo limetokana na kizimba cha kweli.

Dola 15 kwa usiku mmoja mwaka 1896 hazikuwa haba kwa kijana wa kiwandani. Tatizo ni kwamba haikuwa ajira. Ligi zilianzishwa na kufa kama uyoga wa masika. Mchezaji mzuri alikuwa kibarua: leo anacheza mji huu, kesho anapanda treni kwenda kuchezea mji wa jirani unaotoa dola mbili zaidi, na wiki ijayo huenda anakutana na wenzake wa jana kama wapinzani. Original Celtics wa New York, miaka ya ishirini, ndio waliobadilisha mambo walipowapa wachezaji wao mikataba ya msimu mzima ili wasikimbie. Hata hivyo staa wao Nat Holman alikuwa na kazi nyingine wakati huo huo: alifundisha timu ya chuo cha City College. Mshahara mmoja wa kikapu ulikuwa bado si wa kutegemea.

Harlem, sehemu ya jiji la New York, nilifika jioni, nikalala, na asubuhi nikaenda Seventh Avenue, ambayo sasa inaitwa Adam Clayton Powell Jr. Boulevard, kati ya mtaa wa 137 na wa 138. Hapo palikuwa na Renaissance Casino, ukumbi wa dansi wa watu weusi. Mwaka 1923 Bob Douglas, mhamiaji kutoka kisiwa cha St. Kitts, alifanya makubaliano na mwenye ukumbi: timu yake ipewe mahali pa kuchezea, na yenyewe ichukue jina la ukumbi. Ndivyo walivyozaliwa New York Renaissance, ambao kila mtu aliwaita Rens. Usiku wa mechi kulikuwa na bendi. Watu wanacheza dansi, sakafu inaachwa, timu zinaingia, mpira unachezwa, kisha bendi inarudi. Sakafu ilikuwa imeng'arishwa kwa ajili ya viatu vya dansi, kwa hiyo ilikuwa inateleza, na wachezaji wa Rens walijua kuisoma kuliko mgeni yeyote.

Ukumbi ulibomolewa mwaka 2015. Sasa pamesimama jengo la makazi linaloitwa The Rennie, jina ambalo Harlem walizoea kuuitia ukumbi ule. Niliweka kiganja changu kwenye ukuta mpya, sijui kwa nini, nikakaa hapo kidogo. Halafu nikampigia mjomba. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Uko wapi?"

Nikamwambia. Nikamsimulia msimu wa 1932 na 1933, Rens waliposhinda mechi 88 mfululizo. Akanyamaza, akasema, "Themanini na nane! Walikuwa wanapumzika saa ngapi?"

Swali lake ndilo lenye uzito, kwa sababu hawakuwa wakipumzika. Harlem ilikuwa nyumbani, lakini pesa ilikuwa barabarani. Walizunguka kwa basi lao wenyewe waliloliita Blue Goose, wakicheza karibu kila siku, na Jumapili mara nyingine mechi mbili. Hoteli nyingi ziliwakataa kwa rangi yao, na migahawa vilevile. Wakawa wanaweka kambi kwenye mji mmoja wenye nyumba ya kulala wageni weusi, wanaendeshwa mbali kwenda kucheza, na usiku huohuo wanarudi. Au wanalala kwenye viti, wanakula nyama baridi na mkate ndani ya basi. Wakishatoka hapo wanaingia uwanjani wanamfunga mwenyeji mbele ya watu wake.

Na msimu wa kikapu ukiisha, kazi haijaisha. Fats Jenkins na Bill Yancey kiangazi walicheza besiboli kwenye ligi za watu weusi. Eyre Saitch alikuwa bingwa wa tenisi. Mimi nilidhani ni vipaji tu, mpaka nilipojua kuhesabu miezi: mtu anayelipwa miezi sita lazima ale miezi kumi na miwili.

Tarehe 28 Machi 1939, Chicago, Rens waliwafunga Oshkosh All-Stars 34 kwa 25 kwenye fainali ya mashindano ya dunia ya timu za kulipwa. Zawadi ilikuwa dola 1,000 kwa timu nzima. Bob Douglas akawashonea makoti yenye maandishi mgongoni yakisema kuwa ni mabingwa wa dunia, lakini wa "watu wa rangi". John Isaacs, kijana mzaliwa wa Panama, aliomba wembe. Akakaa, akafumua uzi mmoja mmoja mpaka neno lile likatoka, yakabaki: New York Rens, mabingwa wa dunia. Bosi akalalamika kwamba anaharibu koti. Isaacs akamjibu kwamba ndiyo kwanza amelitengeneza.

Mjomba alicheka, halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, "Huyo nampenda." Isaacs alifika umri wa miaka 93. Miaka yake mingi ya baadaye aliitumia kufundisha watoto kwenye kituo cha vijana huko Bronx.

Kutoka New York mpaka Springfield, Massachusetts, kuna kubadilisha treni New Haven, na majani ya Oktoba dirishani yalikuwa mekundu kama moto. Habari ya James Naismith, aliyebuni mchezo huu, na vikapu vyake vya mapichi vya Desemba 1891 inajulikana, sitairudia. Niseme tu kwamba pale lilipokuwa jengo la mazoezi la mechi ya kwanza, Mason Square, sasa pana McDonald's na mnara wa kumbukumbu. Nilinunua chai, nikanywa nimesimama nje.

Jumba la Mashujaa wa Kikapu liko kando ya mto Connecticut. Ndani, kilichonikamata ni mpira wa zamani wa ngozi. Una mshono uliofungwa kwa kamba kama kiatu cha jeshi, na pale penye kamba umevimba. Ukiudunda ukaangukia upande ule, unakwenda unakotaka wenyewe. Hapo nikaelewa kwa nini watu wale walipasiana sana kuliko kudunda. Rens walisifiwa kwa pasi zao, na mpira wenyewe uliwadai hivyo.

Juu kwenye kuba zimezunguka picha za walioingizwa. Rens waliingia kama timu mwaka 1963, zaidi ya miaka kumi baada ya kuvunjika. Isaacs mwenyewe aliingia mwaka 2015, na alikuwa amefariki miaka sita kabla. Sweetwater Clifton, mmoja wa wachezaji weusi watatu wa kwanza wa NBA, aliingia 2014. Baada ya kucheza alirudi Chicago akaendesha teksi, na mwaka 1990 alifariki akiwa ndani ya teksi yake. Nilirudi mara mbili kwenye picha yake. Picha inaonyesha mikono mikubwa ajabu.

Habari ya pensheni ndiyo inayoniuma. Januari 1964, Boston, mastaa wa mechi ya All-Star walijifungia chumbani wakakataa kuingia uwanjani, huku televisheni ikisubiri, mpaka wakaahidiwa pensheni. Walishinda. Ila mpango ulioanza 1965 uliwaacha wote waliostaafu kabla yake, na wakangoja mpaka 1988 ndipo waliocheza angalau miaka mitano wakaanza kufikiriwa. George Mikan, aliyekuwa staa mkubwa kuliko wote katika NBA ya mwanzo, alizeeka akipigania nyongeza kwa wenzake. Alipofariki 2005, staa wa NBA Shaquille O'Neal alijitolea kulipia mazishi yake. Na watu wa Rens, ambao timu yao NBA haikuwahi kuipokea, hawakuwamo hata kwenye foleni. Naamini wanadai deni lao mpaka kesho.

Treni ya Lake Shore Limited inapita Springfield alasiri, na usiku inakushusha Syracuse. Huko ndiko Earl Lloyd alikoangukia baada ya jeshi, na mwaka 1955 akawa bingwa wa NBA na Syracuse Nationals, waliowashinda Fort Wayne kwa pointi moja, 92 kwa 91. Asubuhi nilikwenda Armory Square kuona mnara wa saa ya sekunde 24, muda ambao timu yenye mpira inapewa kutupa kikapuni. Mwenye Nationals, Danny Biasone, alikuwa na ukumbi wa kuchezea bolingi. Watazamaji walikuwa wamechoka na timu zinazoongoza kisha zinaushikilia mpira. Mwaka 1950 mechi moja ya ligi iliisha 19 kwa 18. Biasone aliona mechi nzuri ina mitupo kama 120. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Ukigawanya, ni 24. Hesabu hiyo ilianza kutumika msimu wa 1954, watu wakarudi viwanjani, na ajira ya wachezaji ikapata mguu wa kusimamia.

Nilimpigia mjomba kwa video, nikamwonyesha mnara. Nikaweka saa ya simu, tukahesabu wote sekunde 24, yeye akiwa Dar kwenye kiti cha barazani na goti lake juu ya stuli. Zilipokwisha akasema ni chache mno.

"Sisi wakati wetu zilikuwa thelathini," akasema. "Ningekuwa na hizo sita hapo mwisho, ningezunguka kushoto. Zungusha simu, nione na upande wa pili."