Bibi wa Ngara na Vijiko Sita

Meli iliondoka Mwanza usiku. Sisi wanafunzi sita wa uuguzi tulikuwa daraja la tatu, mabango yetu tumeyaviringisha miguuni. Tulikuwa tunakwenda Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kujitolea kufundisha afya kwenye makazi ya wakimbizi. Wengi kule ni Wakongo wanaosema Kiswahili, ndiyo maana tukahitajika.

Taa za mji zilipopotea nyuma ya mawe, tukaanza mazoezi. Zamu yangu ilikuwa somo la kuhara: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Nililijua kama sala. Sisi wa kandokando ya ziwa tumekua tukisikia kipindupindu kinavyopita majirani.

Bibi mmoja aliyeegemea kiroba cha dagaa alinisikiliza hadi mwisho.

"Mjukuu wangu, hao watu sukari wanayo?"

Sikuwa na jibu. Mgawo wao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa miaka hii, na nilikuwa nalijua hilo. Sikuwa nimelihusisha na bango langu.

Akajisogeza. Bukoba ni kwa mumewe, kwao ni Ngara. Alikuwepo mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda takriban 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja tu. Alinisimulia vilima vya kambi ya wakimbizi ya Benaco vilivyobaki vipara kwa kukatwa kuni, na foleni za maji. "Mama kabeba mtoto amelegea, unamwambia vijiko sita. Sita vya nini? Alikuwa na mahindi na maharage."

"Sasa walifanyaje, bibi?"

"Uji. Mwepesi, wa kunyweka kama maji, na chumvi kidogo. Unampa kwa kijiko. Akitapika unangoja, unampa tena."

Nilifungua daftari langu kwa mwanga wa simu. Lilikuwemo! Mstari mmoja chini ya ukurasa: pasipo pakiti za ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayehara) wala sukari, uji mwepesi wa nafaka wenye chumvi hufaa, na mtoto aendelee kunyonya. Mwalimu alitusomea, tukaandika, tukaenda kuchora kopo la sukari lililojaa pomoni. Sikulala vizuri usiku ule.

Alfajiri Kemondo, kisha Bukoba. Nilimshusha bibi na kiroba chake, akanishika kichwa akaniombea. Basi la Mutukula lilipovuka Kagera pale Kyaka nilisimama dirishani kuutazama mto, kwa kuwa ni huohuo unaopita chini ya daraja la Rusumo na kuja kumwaga maji kwenye ziwa letu. Masaka, Mbarara, vumbi, tukafika.

Nakivale walituita waganga. Kwetu neno hilo laweza kukupeleka kwenye mizizi na hirizi; kwa Mkongo, munganga ndiye daktari mwenyewe. Tukawaeleza kwamba sisi bado wanafunzi. Hawakuacha.

Bango la sukari sikulifungua. Niliwauliza kina mama kila mmoja ana nini nyumbani siku ile, na karibu wote wakajibu unga wa mahindi. Tukawasha moto nje, maji yakachemka, nikakoroga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia sufuria, akatikisa kichwa.

"Iko muzito, munganga. Ongeza mayi."

Nikaongeza.